Ngalawa au mashua ndogo: chombo gani kinafaa kutoka Tanga hadi Kilwa kwa tanga?

Mwana wa Chumbageni ameuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote mlioizoea bahari.

Nimekulia Tanga, ingawa kwa miaka 19 sasa kazi imeniweka Dodoma, mahali ambapo maji mengi ninayoyaona ni ya kwenye ndoo. Mwaka huu ninapata likizo ndefu, na mimi pamoja na mdogo wangu, ambaye ni mvuvi wa Kigombe na kwa hiyo ndiye mwenye ujuzi kati yetu, tumekusudia kusafiri kwa chombo kidogo cha asili kutoka Tanga hadi Kilwa, tukifuata ufuo, tukitembea mchana na kulala pwani. Haraka hatuna. Mashine tungependa tusiitumie, ila mkituambia kwamba huo ni utoto, tutasikia.

Tumepata vyombo viwili. Cha kwanza ni ngalawa ya mwembe ya mita 6, ina miaka miwili, imetunzwa vizuri na tanga lake ni jipya. Cha pili ni mashua ya mita 7, yenye mkuku (mti wa chini unaobeba chombo chote) na tezi, yaani sehemu ya nyuma, iliyo bapa, ambayo imekaa juu ya mchanga tangu mwenyewe afariki, na warithi wanataka kuiuza kama ilivyo. Mashua hiyo, ukijumlisha kuinunua na kuitengeneza, inatugharimu karibu mara mbili ya ngalawa.

Mdogo wangu anapendelea ngalawa, nami moyo wangu uko kwenye mashua, lakini sina hoja ya kumshinda nayo. Naomba mtusaidie kuchagua, na mtueleze pia ni mwezi gani unaofaa kuondoka, na kama watu wawili wanatosha.

Fundi Kalafati amejibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Swali lako lina jibu la mbao na jibu la bahari. Mimi nitajibu la mbao, kwa kuwa ndilo lililonilisha. La bahari watalijibu wenyewe.

Ngalawa ni gogo moja lililochongwa, likaongezewa ubao juu kuzuia maji yasiingie, na kufungwa marengu yanayoelea pande mbili ili lisipinduke. Haina mkuku wa maana. Kwa sababu hiyo hukata maji kidogo sana, hupita juu ya matumbawe ambako mashua ingekwama, na watu sita wakishikana huivuta hadi mchanga mkavu. Upepo ukiwa wa ubavuni, sijui mashua ya kiasi chake itakayoifikia. Lakini upepo ukiwa wa mbele huteleza kando kama kaa, na mzigo ukizidi, marengu huzama, na kile kilichokuwa kikikulinda huanza kukuvuta nyuma. Wewe unazungumzia watu wawili, chakula, madumu ya maji ya siku tatu au nne, matandiko, sufuria na nanga. Vyote hivyo vitaingia ndani ya gogo ambalo mtu hukaa akiwa amebana magoti. Mvuvi hutoka alfajiri akarudi adhuhuri, kwa hiyo hana shida na jambo hilo. Msafiri wa wiki tatu anayo.

Kwa hiyo mimi niko pamoja na moyo wako, lakini kwa sharti. Mashua iliyoachwa juu ya mchanga usiikague kwa macho, ikague kwa kisu chenye ncha. Anza na mkuku, hasa mahali unapokutana na mbao za tezi, kwa sababu hapo maji ya mvua hukusanyika na kuozesha taratibu. Kisu kikizama kama katika muhogo uliopikwa, mwachie mwenyewe mali yake. Kisha ingia ndani uguse mataruma, zile mbavu za chombo, moja moja. Taruma nzuri hutokana na mti uliopinda wenyewe msituni, nyuzi zake zikaufuata mpindo huo. Taruma iliyokatwa kwa msumeno kutoka kwenye ubao ulionyooka huvunjika mahali pa mpindo siku chombo kitakapogonga mwamba. Tazama misumari pia. Kutu ikila msumari huacha duara jeusi kwenye mbao, na ukiona maduara hayo mstari mzima, jua kwamba mbao zimeshikwa na rangi tu.

Ukiona mwanga ukipita kati ya mbao, hilo lisikutishe. Mbao zimesinyaa kwa jua, nazo zitavimba zikirudi majini baada ya kutiwa kalafati ya pamba iliyoloweshwa mafuta. Tundu dogo dogo zenye ukubwa wa punje ya mtama ndizo za kutisha, kwa sababu funza wa baharini huingia kwa mlango mdogo na kuchimba pango refu ndani ya ubao, na nje husikii wala huoni. Gonga kwa nyundo ndogo. Ubao mzima hulia, ubao ulioliwa hunyamaza.

Nahodha Mstaafu amejibu:

Fundi amesema kweli, nami naongeza kwamba umeanza kuuliza kwa upande wa pili. Kabla ya kuchagua chombo, chagua mwezi, kisha katika mwezi huo chagua siku za maji, kwa maana chombo chochote kati ya hivyo viwili kitafika Kilwa katika siku zake na hakuna kitakachofika nje ya siku hizo.

Unakwenda kusini, basi unahitaji kaskazi. Upepo huo hushika vizuri kuanzia Desemba na kuendelea hadi Februari, na mwezi wa Machi huanza kulegea tunapoingia maleleji, kipindi cha upepo usiotulia kabla ya masika. Ukijaribu safari hii Juni au Julai, kusi, upepo wa kusini, itakukuta usoni kila siku, na mkondo wa bahari utakuwa unakusukuma kurudi ulikotoka. Mkondo huo kwenye pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huwa na nguvu nyingi, na wakati wa kaskazi hupungua lakini haugeuki. Hili wengi hulisahau. Ukisafiri Januari upepo utakuwa nyuma yako na mkondo mbele yako, na vikikutana huko nje mawimbi husimama na kuwa mafupi yenye ncha. Kwa hiyo kaa ndani ya miamba kadiri uwezavyo. Usivutwe na bahari ya buluu kwa kuwa inapendeza.

Sasa nakuja kwenye siku za maji, na hapa nakuomba usome polepole. Katika pwani hii, siku za bamvua, yaani siku chache baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Siku za maji mafu mpangilio huo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi, na tofauti yake ni ndogo. Msafiri wa tanga anayelala pwani anataka bamvua. Utafika jioni maji yakiwa juu, chombo kitapita juu ya mwamba hadi karibu na mchanga, kitakaa kikavu usiku wote ukiwa umelala bila wasiwasi wa nanga, na alfajiri kitaelea chenyewe wakati umande, ule upepo mwepesi wa kutoka bara, unapokuwa tayari kukutoa. Ukifika jioni ya maji mafu utakuta umbali wa nusu kilomita ya tope na nyasi za baharini kati yako na kijiji, na utalala chomboni ukisikiliza kamba ya nanga.

Ila usikipandishe chombo hadi kilele cha maji. Mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana, kwenye kijiji kimoja cha kusini ya Bagamoyo, siku ambayo bamvua ilikuwa imeanza kushuka. Maji ya alfajiri hayakufika tulipokuwa, ya jioni yakaja mbali zaidi, na tulikaa hapo siku nne tukiwalisha wenyeji kicheko hadi walipotuhurumia wakatusukuma kwa magogo.

Kuhusu vituo, kutoka Tanga usiku wa kwanza lala Kigombe kwa mdogo wako, wa pili Pangani. Mdomo wa mto Pangani una fungu la mchanga. Ingia maji yakiwa yanajaa, kwa sababu yakiwa yanapwa mto hutoka kwa nguvu ukakutana na upepo, na mawimbi huvunjika pale pale kwenye njia. Kisiwa cha Maziwe kilicho mbele ya Pangani usikitegemee kwa kulala. Zamani kilikuwa na miti, leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika lote. Ukivuka Mkwaja utaingia mbele ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako pwani ni ya wanyama. Lala kijijini Saadani na uage kwa wenye mamlaka, usijipigie hema popote. Bagamoyo ni rahisi. Dar es Salaam pita mapema asubuhi na ukae mbali na njia ya meli na ya boti za Unguja, ambazo hazitakuona hadi wakati ambao hazitaweza kukukwepa. Kisha Kisiju, kisha delta ya Rufiji, ambako kuna mikoko, tope, viboko na mamba, na hapo nakushauri ulale kwenye kijiji chenye watu hata kama jua bado liko juu. Baada ya hapo Kilwa Kivinje haiko mbali, na kutoka Kivinje unateremka hadi Masoko, ukiwa umekitazama Kilwa Kisiwani mbele yako.

Kwa mwendo wa saa tano au sita kwa siku, hesabu kilomita 30 hivi. Njia yote inazidi kilomita 400, na kuna siku hutasafiri. Jipe wiki nne.

Binti wa Matondoni amejibu:

Shikamoo nahodha, na wengine nawasalimu. Mimi ni wa Lamu, nimekulia ambapo chombo ni kama baiskeli, na naona swali la watu wawili halijajibiwa.

Watu wawili wanatosha kwa upepo wa nyuma na wa ubavuni. Kazi iko kwenye kugeuza tanga. Kwa tanga letu la pembe tatu, foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, hukaa upande mmoja wa mlingoti, na ukitaka kugeuka ni lazima ipitishwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, huku mtu mmoja akishika kana, yaani mkono wa usukani, mwingine akizunguka na foromali, na kamba ya demani, ile ya kuvuta na kulegeza tanga, ikiwa haina mwenyewe kwa muda wote huo. Ndiyo maana kwetu hugeuka kwa kuupitisha upepo tezini badala ya omoni, yaani mbele ya chombo. Tanga likigandamana na mlingoti wakati omo imeelekea upepo, chombo huanza kurudi nyuma na usukani hauna neno tena. Kwenye mashua ya mita 7 mnaweza kulifanya hili wawili, mkiwa mmelifanya mara hamsini kabla ya safari, ndani ya bandari, siku ya upepo mdogo. Msilijaribu kwa mara ya kwanza mbele ya Rufiji.

Jambo la pili ni kupunguza tanga. Tanga la asili halina mishipi ya kulikunja nusu. Upepo ukizidi, unalishusha na kupandisha jingine dogo, kwa hiyo nunueni matanga mawili, na hilo dogo liwe dogo kweli, si dogo la aibu. Mashindano ya kwetu vijana hutoa ubao nje upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, wakaukalia, na huhamisha viroba vya mchanga kila wanapogeuka, ili wabebe tanga kubwa kuliko chombo. Hayo ni ya kutazamwa na umati. Ninyi wekeni viroba vichache vya mchanga katikati, chini kabisa, vifungwe, na mviache hapo.

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, nami huwa nawaambia wageni kwamba ule si msemo wa umaskini peke yake, ni maelezo ya chombo. Msipange siku yoyote ambayo ili mfike ni lazima mbishe, yaani mwende kinyume cha upepo. Mwaka 2019 Flipflopi, chombo kilichojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, kilitoka kwetu hadi Unguja, zaidi ya kilomita 500, nacho kiliondoka Januari, kaskazi ikiwa nyuma yake. Mafundi na mabaharia waliokuwemo wangeweza kubisha wakitaka. Hawakutaka.

Kuhusu mashine, si utoto kuikataa, lakini chukueni makasia mawili marefu na upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Tanga likifa saa nane mchana mkiwa mita 300 kutoka kijijini, upondo ndio mashine.

Mzururaji wa Kisiju amejibu:

Naomba nimtetee mdogo mtu, maana naona kesi imehukumiwa bila shahidi wa upande wake.

Mimi na mwenzangu tulitoka Bagamoyo hadi Kilwa Masoko kwa ngalawa ya mita 6 na nusu. Tulilowa kila siku, hilo sikatai, na mchele wetu ulikuwa wa chumvi kuanzia siku ya tatu. Lakini hatukuwahi kulala mbali na ufuo hata siku moja ya maji mafu, kwa sababu ngalawa inapita kwenye maji ya kufika magotini, ilhali mashua yenu itahitaji maji ya kufika kiunoni. Tena ngalawa ikipwelewa hukaa wima juu ya marengu yake. Mashua yenye mkuku hulala ubavu, na msipobeba magadi ya kuitegemeza mtalala mmeinama na vyungu vyenu vimemwagika.

Kilichotutia hofu ni marengu yenyewe. Tukiwa kusini ya Kisiju, kaskazi ikiwa imepanda, rengu la upande wa chini lilianza kulegea mahali lilipofungwa, likawa linapiga maji kwa sauti iliyokuwa tofauti na ya siku zote. Aliyelifunga alitumia misumari akaongeza kamba juu kwa mapambo. Tulishusha tanga, mwenzangu akaogelea hadi kwenye rengu, akalifunga upya kwa kamba ya kuvulia huku mimi nikishika omo kwa kafi. Tangu siku hiyo msimamo wangu ni kwamba marengu yafungwe kwa kamba tupu, kila fundo likaguliwe kila asubuhi kabla ya chai, na mita 20 za kamba ya akiba zikae mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta.

Ukitaka kupitia Mafia, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya kusini ya kisiwa imo ndani ya Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 1995, na kuna ada ya kuingia. Na chombo chochote utakachokichagua, pita TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, kwanza ili kikaguliwe na kusajiliwa, uwe na jaketi okozi za watu wote, na usikilize utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kila ukiteremka kijijini, salimu kwanza kwa viongozi wa wavuvi. Wageni wawili wanaolala kwenye mchanga bila kujitambulisha huulizwa maswali, na ni haki yao kuuliza.

Mwana wa Chumbageni amejibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu, dada yangu na ndugu yangu wa Kisiju. Nilimsomea mdogo wangu majibu yote kwa simu, nilipofika kwenye ile habari ya rengu kulegea alinyamaza, kisha akakiri kwamba ngalawa yake mwenyewe imefungwa kwa misumari.

Jumamosi iliyopita, maji yakiwa yamepwa, tulikwenda kuikagua mashua na kisu. Mkuku ni mzima, kisu hakikuingia. Mataruma mawili ya upande wa kulia yameoza kuanzia katikati hadi chini, na ubao mmoja karibu na tezi ulinyamaza tulipougonga. Misumari ina kutu mahali pachache tu. Fundi wa hapa anasema ataweka mataruma ya mfenesi na kubadilisha ubao huo, kisha kalafati yote itolewe na kutiwa upya. Tumewaambia warithi kasoro hizo na wamepunguza bei. Tumekubaliana kuinunua, tutafanya mazoezi ya kugeuza tanga ndani ya ghuba ya Tanga mwezi mzima wa Novemba, na kuondoka katika bamvua ya kwanza ya Januari. Nimeagiza pia magadi manne.

Lililobaki ni moja. Mdogo wangu anataka kalafati ikishamalizika chombo kikae wiki mbili juu ya mchanga ili pamba na mafuta vikauke vizuri kabla ya kukishusha. Je, yuko sahihi?

Fundi Kalafati amejibu:

Hayuko sahihi, mwambie kwa upole. Pamba hushikwa na mbao zinazovimba, na mbao huvimba kwa maji. Ukikiacha juani wiki mbili mbao zitazidi kusinyaa na pamba italegea mahali pake kabla ya safari kuanza. Kalafati ikimalizika, paka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa, sehemu yote itakayokuwa chini ya maji, subiri siku moja au mbili ishike, kisha kishushe wakati wa bamvua mahali penye maji matulivu na mchanga laini. Siku ya kwanza kitavuja sana, kwa hiyo msikiache peke yake usiku huo; mmoja alale ndani na ndoo. Siku ya tatu maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, yatakuwa yamepungua hadi kiasi cha kuchotwa asubuhi na jioni. Yakiwa bado ni mengi siku ya saba, mrudishe fundi wako, na mumwonyeshe mahali yanapoingia kabla hajaanza kuwaonyesha yeye.